Taa Isiyotii Amri: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu za Taa katika Vichwa vya Magarimoshi ya Mfano

Katika majira ya baridi ya mwaka 2012, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Ujerumani, nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufundi wa reli. Chini ya nyumba hiyo, katika chumba cha ghala, mzee alikuwa amejenga reli ndogo juu ya meza ndefu: stesheni, madaraja, mahandaki na magarimoshi ya mfano yasiyozidi urefu wa mkono. Siku tatu kabla ya Krismasi alinijia akiwa na kichwa cha garimoshi mkononi. Taa yake ya mbele, alisema, ilikuwa ikiwaka na kuzimika yenyewe kila alipoongeza mwendo. Wajukuu wake walikuwa wakitarajiwa kufika baada ya siku mbili. Aliniita "Bwana Daktari", ingawa wakati huo bado nilikuwa mwanafunzi, na mimi, kwa kupenda sifa hiyo, nilikipokea kile kichwa bila kumwuliza swali hata moja.

Yaliyofuata nitayaeleza mwishoni mwa makala haya, kwa kuwa msomaji hataweza kuyapima sawasawa kabla hajaelewa jinsi taa hiyo inavyopata umeme na jinsi inavyopata amri. Kwa sasa itoshe kusema kwamba niliharibu kitu kizima katika kutafuta hitilafu ambayo haikuwamo ndani yake.

Taa katika mfumo wa zamani

Magarimoshi ya mfano yanayopendwa zaidi ulimwenguni ni yale yenye kipimo kiitwacho HO. Katika kipimo hicho kila kitu hupunguzwa mara 87, na upana kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Kwa miaka mingi magarimoshi hayo yaliendeshwa kwa mkondo mnyoofu wa umeme. Reli moja ilikuwa chanya na ya pili hasi. Magurudumu yaliufyonza umeme huo na kuupeleka kwenye mota. Volti zilipopandishwa kutoka sifuri kuelekea 12, garimoshi lilikwenda kasi zaidi. Chanya na hasi zilipobadilishana nafasi, garimoshi lilirudi nyuma.

Mfumo huo ulikuwa rahisi, lakini taa zake zilikuwa za kusikitisha. Kwa kuwa balbu ilitumia umeme uleule wa mota, garimoshi lilipokwenda polepole taa ilififia, na lilipofika stesheni likasimama, taa ilizimika kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri treni usiku anajua kwamba treni ya kweli haifanyi hivyo. Aidha, magarimoshi mawili yaliyokuwa juu ya reli moja yalikwenda pamoja na kusimama pamoja, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuliamuru moja bila kuliamuru la pili.

Mfumo wa dijitali

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Lenz ya Ujerumani ilibuni njia nyingine, na katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, kiitwacho NMRA, kiliifanya njia hiyo kuwa kanuni ya pamoja. Njia hiyo hujulikana kwa herufi DCC. Msingi wake ni huu: reli hupewa umeme kamili wakati wote, kwa kawaida volti 14 hadi 16 kwa kipimo cha HO, hata kama hakuna garimoshi linalokwenda. Mwendo na taa huamuliwa kwa ujumbe unaopitishwa ndani ya umeme huohuo.

Ujumbe hupitaje? Chombo kinachoitwa kituo cha amri hugeuza chanya na hasi za reli maelfu ya mara kwa sekunde. Kila nusu ya mgeuko ikidumu mikrosekunde 58, hiyo husomwa kuwa tarakimu 1. Kila nusu ikidumu mikrosekunde 100 au zaidi, hiyo husomwa kuwa tarakimu 0. Kwa tarakimu hizo mbili peke yake huandikwa barua fupi yenye sehemu nne: kwanza mfululizo wa tarakimu 1 zisizopungua 14, ambao ni sawa na kugonga mlango, pili anwani ya kichwa kinachoitwa, tatu amri yenyewe, na nne hesabu ya uhakiki, ambayo humwezesha msomaji kujua kama barua imeharibika njiani. Barua fupi ya namna hiyo huchukua yapata milisekunde 6 tu.

Ndani ya kila kichwa cha garimoshi kuna kisimbuzi, yaani kibao kidogo cha elektroniki kinachosoma barua hizo. Mfano wake ni mwalimu anayeita majina darasani. Wanafunzi wote husikia kila jina, lakini huitika yule tu aliyeitwa. Kisimbuzi chenye anwani 3 husikia amri za vichwa vyote, na hutenda zile tu zilizoandikiwa anwani 3.

Njia ya mkondo hadi kwenye taa

Kabla ya kutafuta kosa lolote, yafaa tuifuate njia ya umeme hatua kwa hatua. Kanuni za NMRA zimeweka rangi za waya, na rangi hizo ni ramani bora kwa fundi. Waya mwekundu hutoka kwenye magurudumu ya reli ya kulia, na mweusi hutoka kwenye magurudumu ya reli ya kushoto. Ndani ya kisimbuzi, diodi nne zilizopangwa kama daraja huugeuza mkondo geu wa reli kuwa mkondo mnyoofu. Waya wa rangi ya chungwa na wa kijivu huenda kwenye mota. Waya wa buluu ni chanya ya pamoja ya taa zote. Waya mweupe ni wa taa ya mbele, na wa manjano ni wa taa ya nyuma. Waya wa kijani na wa zambarau ni wa kazi nyinginezo, kama taa za ziada.

Hapa pana jambo ambalo wageni wengi wa kazi hii hulikosea. Katika nyumba zetu tumezoea kwamba swichi hukata waya wenye umeme unaokwenda kwenye taa. Kisimbuzi hufanya kinyume. Waya wa buluu una chanya wakati wote, taa iwake isiwake. Swichi, ambayo ni transista ndogo, iko upande wa hasi. Amri ya kuwasha inapofika, transista huufungulia waya mweupe njia ya kwenda hasi, na mkondo hutoka kwenye buluu, hupita katika taa, huingia kwenye mweupe, na taa huwaka.

Kutokana na hayo inafuata sheria moja kubwa: waya wowote wa taa usiguse chesisi ya chuma, kwa sababu katika vichwa vingi chesisi imeunganishwa na mojawapo ya reli. Tutaona hivi punde jinsi sheria hii ikivunjwa inavyoteketeza kisimbuzi.

Maswali ya kwanza

Fundi mwema huanza kwa kuuliza. Je, kichwa kinakwenda? Kama kinakwenda na kurudi kwa amri, basi magurudumu, waya mwekundu, waya mweusi, daraja la diodi na anwani vyote ni vizima, na nusu ya mashaka imekwisha kuondolewa bila kufungua skrubu hata moja. Je, taa za vichwa vingine zinatii? Kama hakuna inayotii, kosa limo katika kituo cha amri. Je, kitufe sahihi kimebonyezwa? Taa kuu huendeshwa na kazi iitwayo F0, na si mara moja wala mbili nimeona mtu akifungua kichwa kilichokuwa kimezimwa tu. Na swali la mwisho, ambalo ndilo kubwa: je, taa ilikuwa nzima hapo awali, na kama ilikuwa nzima, ni kitu gani kilichobadilika?

Baada ya maswali hayo, dalili yenyewe hutuelekeza. Zifuatazo ni dalili sita zinazoonekana mara kwa mara.

Taa haiwaki kabisa, ingawa kichwa kinakwenda

Washa F0, kisha pima kwa mita ya umeme, ukiwa umeiweka kwenye volti za mkondo mnyoofu, kati ya waya wa buluu na waya mweupe. Usiipime reli yenyewe kwa mita ya kawaida na kuamini namba inayoonekana. Mita nyingi zimetengenezwa kwa mkondo geu wa Hezi 50, na umeme wa reli ya dijitali hugeuka mara nyingi zaidi ya hapo, kati ya mara 5,000 na 8,600 kwa sekunde. Nyuma ya daraja la diodi mkondo ni mnyoofu, na hapo mita husema kweli.

Ukipata volti 12 hadi 15, kisimbuzi kimetimiza wajibu wake na kosa limo katika taa au waya zake. Balbu huenda imeungua. Kama taa ni diodi itoayo mwanga, yaani LED, huenda imefungwa kinyume. Diodi hiyo hupitisha mkondo upande mmoja tu: mguu wake wa chanya lazima uelekee buluu, na mguu wa hasi uelekee mweupe. Ukipata sifuri, kosa limo katika kisimbuzi au katika mpangilio wake.

Kuna sababu nyingine inayowachanganya wengi. Vichwa vingi vina plagi ya miguu minane, na plagi hiyo huweza kuingizwa ikiwa imegeuzwa nyuma mbele. Ikigeuzwa, mwekundu na mweusi hubadilishana, jambo lisilo na madhara. Chungwa na kijivu hubadilishana, na kichwa huenda kinyume cha amri. Lakini buluu huangukia nafasi ya kijani, na hapo taa hukosa chanya. Kwa hiyo ukiona kichwa kimetoka kufungwa kisimbuzi, kinakwenda kinyume na hakina taa, usitafute mbali. Chomoa plagi, igeuze, na kazi itakuwa imekwisha.

Taa inawaka na kuzimika kwa kufuata mwendo

Dalili hii ndiyo iliyomfikisha mzee mlangoni pangu. Mtu akiongeza mwendo kwa hatua moja, taa huwaka; akiongeza hatua ya pili, taa huzimika; hatua ya tatu huwaka tena. Kwa macho inafanana kabisa na waya uliolegea, na ndiyo maana huwapoteza watu wenye haraka. Lakini waya uliolegea hauhesabu. Kitu kinachohesabu moja, mbili, moja, mbili, kimetoka katika tarakimu.

Katika mpango wa awali, mwendo wa garimoshi uligawanywa katika hatua 14. Baiti ya amri ya mwendo ilikuwa na tarakimu nne za kutaja hatua, na tarakimu moja ya kuwasha au kuzima taa. Baadaye wapenzi walitaka mwendo laini zaidi, wenye hatua 28. Ili kuzipata, ile tarakimu ya taa ilitwaliwa na kufanywa tarakimu ya tano ya mwendo, na amri ya taa ikahamishiwa katika barua nyingine ya peke yake. Sasa fikiri kituo cha amri kinapeleka lugha ya hatua 28, na kisimbuzi kimepangwa kusikiliza lugha ya hatua 14. Tarakimu ambayo kituo kinaitumia kwa nusu hatua ya mwendo, kisimbuzi kinaielewa kuwa ni amri ya taa. Kwa kuwa tarakimu hiyo hubadilika kutoka 0 kwenda 1 katika kila hatua, taa huwaka na kuzimika pamoja nayo. Kinyume chake pia hutokea: kituo kikisema lugha ya hatua 14 na kisimbuzi kikisikiliza ya 28, mara nyingi taa haitii kabisa, na badala yake mwendo hubadilika kidogo kila taa inapoamriwa.

Dawa yake imo katika kumbukumbu za kisimbuzi, ambazo hutajwa kwa herufi CV na namba. CV29 ni jumla ya majibu ya maswali kadhaa. Mwelekeo wa kawaida ukigeuzwa, huongezwa 1. Hatua zikiwa 28, huongezwa 2. Kichwa kikiruhusiwa kutembea pia katika mfumo wa zamani, huongezwa 4. Kikitumia jedwali la mwendo, huongezwa 16. Kikitumia anwani ndefu, huongezwa 32. Namba 4 ina maana kwamba hatua ni 14 na mfumo wa zamani unaruhusiwa. Kuibadilisha kuwa 6 kunatosha kuleta lugha ya hatua 28. Daima soma namba iliyomo na kuiandika kwenye karatasi kabla ya kuandika mpya, usije ukafuta anwani ndefu au jedwali kwa bahati mbaya.

Taa inapepesa bila utaratibu

Tofauti na dalili iliyotangulia, hapa taa hupepesa ovyo, hasa kichwa kikipita katika njia panda za reli. Sababu ya kwanza ni uchafu. Mafuta, vumbi na masizi ya cheche hujenga ngozi nyembamba juu ya reli na magurudumu, na mkondo hukatika kwa kitambo kidogo. Balbu ya waya wa tungsteni huficha kosa hilo, kwa kuwa waya wake hubaki na joto kwa muda mfupi. LED huzimika papo hapo na kutangaza kila mkatiko. Ndiyo maana mtu hubadilisha balbu zake kuwa LED, kisha hudhani kwamba LED ni mbovu. Safisha kwa kitambaa kilicholowanishwa spiriti ya isopropili. Usitumie msasa, kwani mikwaruzo yake huwa makao mapya ya uchafu.

Kama usafi hautoshi, huweza kuongezwa kapasita kwenye kisimbuzi kinachoikubali. Hesabu yake ni nyepesi. Kapasita ya mikrofaradi 1,000, ikiruhusiwa kushuka kwa volti 5 wakati kichwa kinatumia miliampea 100, hutoa 0.001 mara 5, gawa kwa 0.1, yaani sekunde 0.05. Ni muda mfupi, lakini hutosha kuvuka sehemu ndogo yenye uchafu. Kapasita hiyo iwe ya volti 25, chanya yake iende kwenye buluu, na hasi iende kwenye hasi ya ndani ya kisimbuzi, kamwe isiende kwenye chesisi.

Sababu ya pili imo katika vichwa vilivyofungwa kwa plagi ndogo ya miguu sita, ambayo haina waya wa buluu, na katika vichwa vya zamani ambavyo balbu zake hurudisha mkondo kwenye magurudumu. Humo taa hupata umeme wakati reli moja tu ikiwa chanya, yaani nusu ya wakati. Balbu huvumilia kwa kufifia kidogo. LED huweza kuonyesha mtetemo. Ponyo ni kukitenga kishika taa na chesisi, na kuvuta waya wa buluu kutoka kwenye kisimbuzi chenyewe.

Taa ya mbele huwaka kichwa kikirudi nyuma

Hapa ni lazima kutofautisha makosa mawili. Ikiwa kichwa kinakwenda mbele kwa amri ya mbele, na taa ya nyuma ndiyo inayowaka, waya mweupe na wa manjano vimebadilishana. Ikiwa taa inafuata amri sawasawa, lakini kichwa chenyewe kinakwenda kinyume, waya wa chungwa na wa kijivu ndivyo vilivyobadilishana. Kuongeza 1 katika CV29 hugeuza vyote viwili kwa pamoja, mwendo na taa; kwa hiyo hakuwezi kutibu kosa la kimoja peke yake. Kama waya zote ni sahihi, kagua CV33 na CV34, zinazotaja ni waya upi uwake kwa mwendo wa mbele na upi kwa mwendo wa nyuma.

Taa ni kali mno, au ganda la plastiki linayeyuka

Balbu ya volti 12 inayotumia miliampea 50 hutoa wati 0.6 za joto ndani ya ganda dogo. Katika mfumo wa zamani ilipata volti kamili kwa nadra. Katika mfumo wa dijitali inazipata, na hata kuzidi, kwa saa nzima, hata kichwa kikiwa kimesimama. Plastiki iliyo karibu hulainika na kupinda.

LED haina joto hilo, lakini haiwezi kuishi bila rezista. Tuseme waya wa buluu una volti 13.5. LED nyeupe huchukua volti 3, nazo 10.5 hubaki. Rezista ya Omu 1,000 itapitisha 10.5 gawa kwa 1,000, yaani miliampea 10.5, kiasi kinachotosha kwa mwanga mzuri. Joto la rezista hiyo ni wati 0.11, kwa hiyo rezista ya robo wati itahimili. Kila LED ipewe rezista yake. Mbili zikigawana moja zikiwa sambamba, ile yenye kuhitaji volti chache zaidi hunyang'anya mkondo wa mwenzake.

Kuhusu balbu ndogo, ikumbukwe kwamba waya wa tungsteni ukiwa baridi una ukinzani wa yapata sehemu moja ya kumi tu ya ule wa wakati wa kuwaka. Kwa hiyo balbu huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo inapowashwa, na transista dhaifu huweza kufa katika kitambo hicho.

Taa haizimiki, bali hubaki na mwanga hafifu

Dalili hii ndiyo ya hatari kuliko zote, na msomaji namwomba aizingatie. Taa ikibaki na mwanga hafifu wakati F0 imezimwa, shuku mara moja kwamba waya mweupe umegusa chesisi. Chesisi inapokuwa upande wa hasi, mkondo hutoka kwenye buluu, hupita katika taa na kurudi kwenye reli bila kupitia transista. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Lakini ukibonyeza F0 ukitumaini kwamba mambo yatatengemaa, transista hufunguka. Na chesisi inapokuwa upande wa chanya, mkondo wote wa reli humiminika moja kwa moja ndani ya transista pasipo taa ya kuuzuia. Hiyo ni shoti, na transista haitapona. Ondoa kichwa relini kwanza, kisha tafuta mguso kwa mita ya ukinzani, na uufunike kwa utepe wa kuhami.

Yaliyompata kisimbuzi cha mzee

Sasa turudi katika ghala la mzee. Nilipoona taa ikiwaka na kuzimika, niliamua papo hapo kwamba kuna waya uliolegea. Nilifungua ganda nikakiweka kichwa kikiwa uchi juu ya reli yenye umeme, ili niitikise kila waya na kuona ni upi unaotetemesha taa. Waya wa buluu ulichomoka penye lehemu na kuangukia chesisi. Kila chesisi ilipokuwa hasi, mkondo wa kituo kizima ulipita katika diodi moja ya daraja, ambayo haikuumbwa kuubeba. Kulitokea moshi mwembamba na harufu ambayo mafundi wote wa redio wanaifahamu. Krismasi ile wajukuu walikiona kichwa kipendwacho na babu yao kikiwa kimesimama katika stesheni. Mzee hakunilaumu hata kidogo, na huo ukimya ulinilemea kuliko lawama.

Baada ya sikukuu nilinunua kisimbuzi kipya kwa posho yangu ya masomo, nikakifunga, na taa ikawaka vizuri bila kupepesa. Nilijipongeza. Wiki chache baadaye mzee akaleta kichwa cha pili chenye ugonjwa uleule, kisha cha tatu. Safari hii nilimwuliza nini kilikuwa kimebadilika. Alinitazama kwa mshangao akajibu kwamba alikwisha kujaribu kuniambia siku ile ya kwanza, pale mlangoni: taa zilianza kucheza siku aliyoleta kituo kipya cha amri. Kile cha zamani kilisema lugha ya hatua 14 na yeye mwenyewe alikuwa amevipanga vichwa vyake vyote kuifuata. Kipya kilisema lugha ya hatua 28. Tulisoma CV29, tukakuta namba 4, tukaandika 6. Kazi ilichukua dakika mbili, bila bisibisi na bila lehemu. Kisimbuzi nilichokiteketeza kilikuwa kizima tangu mwanzo. Kilikuwa kikitii kwa uaminifu lugha aliyofundishwa na mwenyewe.

Magarimoshi ya mfano si mengi hapa kwetu, na huenda msomaji asikutane na kisimbuzi cha namna hii maishani mwake. Hata hivyo katika karakana yetu ya chuo kila wiki huletwa taa ya sola iliyoacha kuwaka, au indiketa ya pikipiki inayopepesa vibaya, na kijana aliyeileta huwa tayari ameshika bisibisi. Wanafunzi wangu wanajua kwamba hawaruhusiwi kufungua chochote kabla hawajaandika mistari mitatu katika daftari: dalili ni ipi hasa, ni sehemu zipi ambazo dalili hiyo yenyewe inathibitisha kuwa nzima, na ni kitu gani kilichobadilika tangu chombo kilipokuwa kikifanya kazi. Mstari wa tatu hauwezi kujazwa kwa mita wala kwa shahada. Ni lazima amwulize mwenye chombo, kisha amsikilize mpaka amalize kusema.